Pampu Kuukuu Haijafa, Ngozi Ndiyo Imekauka

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Katika mitaa yetu ya Kibera na Kawangware methali hii inavunjwa kila siku, na inavunjwa juu ya pampu za mkono. Ukipita penye mizani ya vyuma chakavu utaziona zimelala pale, pampu nzito za chuma zenye mpini wa mbao, zinangoja kuuzwa kwa kilo pamoja na mabati na spoki. Ukimuuliza aliyeileta kwa nini anaiuza, atakwambia, "Hiyo imekufa, haitoi upepo." Kumbe mara nyingi pampu yenyewe haijafa. Kilichokufa ni kipande cha ngozi kilicho ndani yake, kikubwa kama kizibo cha chupa ya soda.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuipima pampu ya namna hiyo, kuifungua, na kuifufua. Nitaanza na pampu ya baiskeli na mkokoteni kwa sababu ndiyo tunayo karibu. Halafu nitagusa stovu ya presha, na pia bunduki ya upepo, maana swali la bunduki liliulizwa katika mkutano wa chama chetu na halikupata jibu la kutosha.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Katika kamusi neno bomba lina maana ya pampu pia, na watu wa pwani hulitumia hivyo. Lakini hapa Nairobi ukimwambia fundi, "Nitengenezee bomba," atakuja na spana ya mfereji. Kwa hivyo nitasema pampu. Kile kipande cha ngozi nitakiita washa ya ngozi, jinsi mafundi wanavyokiita.

Pengine mwenzangu utasema, ya nini pampu ya mkono siku hizi na kituo cha petroli kina mashine ya upepo? Sawa. Lakini mwenye mkokoteni wa maji ndani ya Gatwekera au Kisumu Ndogo hawezi kuusukuma mpaka Ngong Road gurudumu likiwa limelala. Mitungi kumi na mitano ya lita ishirini ni kilo 300 za maji peke yake, mkokoteni hujauhesabu. Akiusukuma hivyo ukingo wa gurudumu unakata tairi na tyubu, na tyubu ikikatwa siku hiyo imekwisha. Tena stima ikipotea, mashine ya upepo ya fundi wa pancha inanyamaza, na pampu ya mkono inatolewa chini ya meza. Kule Kawangware, upande wa 46, fundi mmoja wa baiskeli aliniambia kwamba siku stima zinapopotea ndiyo siku watu wote wanamkumbuka.

Sasa tuifungue pampu kwa akili kabla ya kuifungua kwa mikono. Ndani ya silinda kuna fimbo ya chuma. Mwisho wa fimbo kuna ngozi iliyofinyangwa ikawa kama kikombe kidogo, nayo imebanwa katikati kwa washa za chuma na nati. Mdomo wa kikombe unatazama chini, kule upepo unakotokea. Ukisukuma mpini, hewa iliyo mbele inabanwa. Ikibanwa inatafuta njia, inaingia ndani ya kikombe na kuisukuma midomo ya ngozi mpaka inalala kwenye ukuta wa silinda. Kadiri unavyosukuma kwa nguvu ndivyo ngozi inavyozidi kuziba. Ukivuta mpini juu, mambo yanageuka. Mbele ya ngozi kumebaki hewa chache, nyuma yake kuna hewa ya kawaida, basi hewa ya nyuma inaikunja midomo kwa ndani na kupita pembeni hadi mbele. Kwa hivyo ngozi moja inafanya kazi mbili: ni kizibo wakati wa kusukuma, na ni mlango wakati wa kuvuta.

Hapo ndipo utaona kwa nini ukavu unaiua. Ngozi iliyokauka haikunjiki wala haitanuki. Midomo yake inasinyaa na kuachana na ukuta, upepo unarudi nyuma kwa pembeni, na wewe unapiga pampu mpaka jasho linakutoka na tairi bado ni laini. Mwalimu alitufundisha pampu ya baiskeli tangu Kidato cha Kwanza katika somo la shinikizo, na mchoro tulichora. Lakini katika mchoro ngozi ni mstari mweusi tu. Haikauki kamwe.

Upimaji ni wa lazima, usiruke. Watu wengi wanafungua pampu nzima kumbe shida ilikuwa kwenye mpira wa kupitisha upepo.

Chomoa ule mpira, ziba tundu la pampu kwa kidole gumba, usukume mpini polepole. Mpini ukishuka hadi chini bila kugoma, ngozi ndiyo mgonjwa. Ukigoma vizuri halafu ukiuachilia unaruka kurudi juu, ngozi ni nzima, geukia mpira na kichwa chake. Kuna hali ya tatu ambayo inasumbua: mpini unagoma kidogo halafu unazama polepole kama mtu anayesinzia. Hapo kuna uwezekano wa mambo mawili. Aidha ngozi imechakaa upande mmoja tu, au ukuta wa silinda una mkwaruzo au kutu. Ili kujua, ifungue, uelekeze silinda kwenye mwanga na kuchungulia kama darubini. Mkwaruzo unaoenda kwa urefu wa silinda ndio mbaya, kwa sababu ni kama mfereji wa kupitisha upepo. Ule wa kuzunguka hauna neno sana.

Mpira nao upime kwa maji ya sabuni. Ufunge kwenye pampu na tairi, piga mara chache, upake povu. Penye mapovu yanayokua ndipo penye tundu.

Tena kuna dalili ambayo watu huisoma vibaya. Ukiwa umeunganisha pampu na tairi, kisha mpini ukapanda wenyewe juu, si ngozi hiyo. Upepo wa tairi unarudi kwenye pampu, maana yake vali ndiyo haifungi. Ngozi inayoweza kusukumwa namna hiyo ni ngozi nzima kabisa, mwachie.

Kufungua ni rahisi. Kifuniko cha juu, pale fimbo inapoingilia, kinazungushwa kwa mkono au kwa koleo. Ukitumia koleo weka kitambaa katikati ili meno yake yasile chuma. Vuta fimbo yote nje. Kabla hujalegeza nati, angalia ngozi imetazama wapi na washa gani iko mbele, gani iko nyuma, uchore hata kwenye kiganja. Ukirudisha ngozi kinyume, pampu itageuka kuwa ya kunyonya, nayo haitajaza hata puto.

Ngozi ikiwa haijapasuka, dawa yake ni mafuta na subira. Ipanguse uchafu kwa kitambaa kikavu. Itie kwenye kifuniko chenye mafuta, ilale humo usiku mzima. Asubuhi itakuwa imebadilika rangi na kulegea. Ikunje midomo polepole kwa vidole, ndani nje, ndani nje, kisha uitanue kwa nje kwa mgongo wa kijiko, kidogo tu, ili ikiingia kwenye silinda ishike ukuta yenyewe kabla hata hujasukuma.

Mafuta gani? Hapa pana ubishi, na mimi nimeuchunguza. Watu wengi mtaani wanatumia mafuta ya kupikia kwa sababu ndiyo yako nyumbani. Yatafanya kazi wiki mbili tatu, pampu itakuwa tamu kabisa. Baadaye mafuta hayo yanashikana na hewa, yanakuwa kama gundi, na fimbo inaanza kunata. Mafuta machafu yaliyotolewa kwenye injini ya matatu ni mabaya zaidi kwa sababu yana vumbi la chuma, na vumbi la chuma ni msasa. Mafuta mapya ya injini yanafaa. Grisi nyepesi au vaselini inafaa pia, lakini haizami ndani ya ngozi haraka. Na yako mafuta mengine ya asili ambayo ngozi huyapenda kuliko yote, yale yatokanayo na miguu ya ng'ombe ikichemshwa. Ng'ambo huuzwa kwenye chupa kwa ajili ya matandiko ya farasi. Hapa kwetu yanaelea juu ya sufuria ya supu ya miguu kila jioni, na machinjio ya Dagoretti hayako mbali na Kawangware. Ukitaka kuyatumia, chemsha miguu bila chumvi, maana chumvi na chuma haviishi pamoja. Ngozi ya ng'ombe imerudishiwa mafuta ya ng'ombe, basi ni kama imerudi nyumbani.

Onyo moja: kama pampu yako ni mpya na ndani ina mpira badala ya ngozi, usitie mafuta ya injini. Mpira wa kawaida ukilowa mafuta hayo unavimba na kulainika. Mpira ukishachakaa hakuna kuufufua, ni kununua mwingine, na mara nyingi saizi yake haipatikani. Ndiyo sababu nasema pampu ya zamani ina maisha marefu kuliko mpya: dawa yake iko katika kila mtaa.

Ngozi ikiwa imepasuka au imeliwa na mende, utaunda nyingine. Sehemu hii ndiyo iliyonivutia kuliko zote, kwa hivyo nitakaa hapo kidogo.

Tafuta ngozi yenye unene wa milimita 2 hivi. Mshipi wa zamani unafaa, mkoba wa shule wa ngozi halisi, au masalio kutoka kwa fundi wa viatu pale Toi. Jihadhari na ngozi za bandia ambazo ni plastiki iliyopigwa rangi. Ukichoma ukingo wake kidogo kwa kiberiti utajua: ngozi inanuka kama nywele zilizoungua, plastiki inayeyuka. Tena ngozi yenyewe ni za aina mbili. Ile nyororo ya viatu vyepesi, iliyotengenezwa kwa kemikali za kromu, haikubali kufinyangwa, ukiikunja inarudi ilivyokuwa. Ile ngumu kidogo ya rangi ya hudhurungi, iliyotengenezwa kwa magome ya miti kama vile mwati, ukiilowesha inafinyangika na ikikauka inashika umbo. Hiyo ndiyo utafute.

Sasa vipimo. Pima kipenyo cha ndani cha silinda. Tuseme ni milimita 30. Midomo ya kikombe iwe na urefu wa milimita 6 hivi. Basi kata duara lenye kipenyo cha 30 jumlisha 6 jumlisha 6, yaani milimita 42. Ukizidisha kidogo si vibaya, utakuja kupunguza. Loweka duara hilo kwenye maji ya vuguvugu mpaka lilegee. Yasiwe maji ya kuchemka, kwani ngozi ikichemshwa inajikunyata na kuwa ngumu kama ukucha.

Unahitaji kalibu. Chukua kipande cha paipu ambacho tundu lake ni milimita 30 kama silinda, na kipande cha mti wa mviringo. Huo mti uwe mwembamba kuliko tundu kwa unene wa ngozi mara mbili, kwa maana ngozi itakaa pande zote mbili: 30 toa 4 ni milimita 26. Mpini wa ufagio ukipigwa msasa unafika hapo. Weka duara lililolowa juu ya mdomo wa paipu, weka mti katikati kabisa, sukuma polepole mpaka ngozi izame pamoja na mti. Itajikunja yenyewe kuwa kikombe. Ikifanya makunyanzi pembeni, itoe, iloweshe, urudie. Iache ndani ya kalibu, kivulini, siku moja au mbili. Ukiiweka juani au karibu na jiko ili uharakishe, itapasuka midomo.

Ikishakauka, kata ukingo kwa wembe uwe sawa pande zote. Toboa tundu la katikati kwa msumari uliopashwa moto au kwa kitoboleo cha fundi viatu, na tundu lisiwe kubwa kuliko fimbo, la sivyo upepo utapita hapo. Kisha itie mafuta usiku mzima kama nilivyosema.

Kuirudisha kunataka mkono mtulivu. Kaza nati iume, lakini usiikaze mpaka ngozi ikakunjamana. Paka mafuta ukutani mwa silinda. Ingiza fimbo ikiwa imelala upande kidogo, huku ukiizungusha na kuingiza midomo kwa mgongo wa kijiko. Usitumie kisu. Mdomo ukikunjika nyuma hata sehemu ndogo tu, hiyo pampu haitaziba. Vuta na sukuma mara kumi bila kuunganisha chochote, halafu rudia kile kipimo cha kidole gumba.

Wenzangu wa Fizikia, hebu sasa tupige hesabu, tuone ngozi hiyo ndogo ina thamani gani. Silinda yenye kipenyo cha milimita 30 ina eneo la sentimita mraba 7.07. Ikiwa fimbo inasafiri sentimita 40, kila pigo linabeba sentimita za ujazo 283 za hewa. Tuseme gurudumu la mkokoteni lina nafasi ya lita 25, nasi tunataka shinikizo la kilopaskali 200 juu ya lile la hewa ya nje. Kwa kanuni ya Robert Boyle ya mwaka 1662, shinikizo mara ujazo halibadiliki ikiwa halijoto halibadiliki. Huko Mombasa, kando ya bahari, hewa ina shinikizo la kilopaskali 101 hivi. Hivyo tunahitaji lita 49.5 za hewa ya nje, ambayo ni mapigo 175.

Lakini Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi, kilopaskali 83 hivi. Ukirudia hesabu unapata lita 60, nayo ni mapigo 213. Yaani kijana wa Kawangware anapiga pampu mara 38 zaidi kuliko kijana wa Mombasa kwa tairi lile lile! Jambo hili sikuliona katika zoezi lolote la kitabu, na nilipolipeleka kwa yule fundi wa 46 alicheka akasema, "Kijana, hiyo ndiyo maana mikono yangu ni minene." Sasa, ngozi ikivujisha nusu ya kila pigo, 213 inakuwa 426, kwa gurudumu moja. Mkokoteni una mawili.

Hesabu nyingine ndogo. Ukisukuma kwa nguvu ya nyutoni 200, pampu ya milimita 30 inaweza kufikisha kilopaskali 283. Pampu nyembamba ya milimita 20, kwa nguvu ile ile, inafika 637. Ndiyo sababu baiskeli ya mashindano, yenye tairi jembamba linalotaka upepo mkali, hupigwa kwa pampu nyembamba, na mkokoteni kwa pampu nene. Ukibadilisha hizo mbili utateseka bure.

Watu pia huuliza mbona pampu inapata moto. Wengi wanasema ni msuguano. Shika silinda baada ya mapigo hamsini: moto uko chini, karibu na tundu la kutokea, si sawasawa urefu wote. Msuguano ungepasha moto kila mahali ngozi inapopita. Huo moto wa chini ni hewa inayobanwa haraka. Nao ndio unaokausha mafuta ya ngozi, kwa hivyo pampu inayofanya kazi kila siku inataka tone la mafuta mara kwa mara.

Sasa stovu ya presha, ile wazee huiita Primus hata kama si ya kampuni hiyo. Jina hilo lilitoka Uswidi, kwa Frans Wilhelm Lindqvist aliyeiunda mwaka 1892. Pampu yake ndogo iliyo ubavuni mwa tangi ina washa ya ngozi ile ile, ndogo zaidi, na inatibiwa vile vile. Tofauti ni kwamba chini ya pampu kuna vali yenye kipande kidogo cha mpira au koki na springi. Ukipiga pampu mpini ukapanda wenyewe, au ukikuta mafuta ya taa ndani ya pampu, vali hiyo imekufa, na stovu isiwashwe tena mpaka itengenezwe.

Hapa si mahali pa mzaha. Pampu ya baiskeli ikikushinda unapoteza jasho, stovu ikikushinda unapoteza nyumba na ya jirani, kwa vile mabati yetu yameshikana. Ifungue ikiwa baridi kabisa, nje ya nyumba, mbali na moto wowote, baada ya kulegeza skrubu ya kutoa presha. Usijaze tangi zaidi ya robo tatu. Na kamwe usitie mafuta ya taa usiyoyaamini, kwani yakichanganywa na petroli yanalipuka. Zamani mafuta ya taa yalikuwa rahisi mno hata walaghai wakawa wanayachanganya na dizeli, ndipo mwezi wa Septemba 2018 serikali ikaongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita kuzuia ulaghai huo. Ulaghai wa dizeli ulilipwa na mwenye stovu. Majirani wengi wamehamia gesi, na stovu nyingi za shaba sasa zimekaa juu ya kabati. Zikiwa zimekaa hivyo, ngozi zinakauka humo ndani.

Nafika kwenye swali la klabu: ati bunduki ya upepo ya kupigwa pampu nayo inatengenezwa namna hii? Kwa kanuni, ndiyo. Bunduki hiyo haina baruti. Chini ya mtutu kuna mpini unaoupiga mara kadhaa, hewa inabanwa ndani ya chumba kidogo, na ukivuta kifyatulio vali inafunguka ghafla na kurusha kigololi cha risasi. Zile za zamani kutoka Marekani, kama za Benjamin na Crosman, zilikuwa na washa ya ngozi yenye umbo la kikombe, na ugonjwa wao mkubwa ni huu huu wa kukauka. Wazo lenyewe ni la kale. Jeshi la Austria lilikuwa na bunduki ya upepo iliyoundwa na Girandoni tangu karibu mwaka 1780, na tangi lake lilijazwa kwa pampu ya mkono, mapigo kama 1,500. Fikiria kupiga mara 1,500 kabla ya vita!

Lakini kwa vitendo, hapana. Katika Kenya mambo ya bunduki yako chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na kutengeneza silaha kwa biashara kunataka leseni. Hata ukiipata kuukuu kwa babu, imejaa kutu, usiibebe kwenye mkoba kupita nayo Naivasha Road ukidhani ni kifaa cha Fizikia. Polisi hatakuuliza habari za Boyle. Tena bunduki iliyokaa miaka inaweza kuwa bado na hewa na risasi ndani yake bila mtu kujua, na risasi yake inatoboa jicho. Yule fundi wa 46 aliwahi kuletewa moja na kijana aliyetaka abadilishiwe ngozi tu. Alimwambia, "Baiskeli yako niletee hata usiku. Hiyo irudishe ulikoitoa, na mwenyewe aipeleke kwa wenye leseni." Ngozi alikuwa nayo, na kalibu alikuwa nayo. Alikataa.

Jambo la mwisho ni kuhifadhi. Pampu ikiwa haitumiki isiachwe mpini ukiwa chini kabisa, maana ngozi itakaa imebanwa upande wa moto na uchafu. Ivute mpini hadi katikati, tia matone mawili ya mafuta kupitia tundu la kifuniko cha juu, uilaze. Isisimamishwe penye sakafu ya udongo wakati wa mvua ya Aprili, kutu itaanzia chini, mahali ambapo huwezi kuchungulia mpaka uifungue yote. Na ile kalibu ya paipu na mpini wa ufagio usiitupe. Ifunge kwa uzi pamoja na pampu, ili atakayeihitaji asianze kutafuta kipimo upya.